Konda, Dereva na Baiskeli ya Sokoni

   Kama uko jikoni unaepua chai, imimine kabisa uje ukae karibu na redio, maana leo nina maneno na watu wa rika fulani. Rika gani? Wale wanaoguna wakiinama kufunga kamba za viatu. Wale ambao wakipanda ngazi za ghorofa ya pili husimama katikati wakajifanya wanapokea simu. Wenye miaka arobaini na kitu, hamsini na kitu, mpaka sitini. Mnajijua. Vijana nanyi karibuni, sikilizeni kwa niaba ya baba na mama.

Mazungumzo ya leo ni ya baiskeli. Lakini tuelewane mapema. Sizungumzii baiskeli za mashindano, za wale vijana wenye nguo za kubana na miwani mieusi. Nazungumzia baiskeli ya kwenda sokoni. Baiskeli ya kwenda kazini, ya msikitini, ya kanisani, ya kwenda kuhani msiba mtaa wa pili. Baiskeli hii ya kawaida yenye keria nyuma na kengele isiyolia sawasawa. Nataka tuone inaweza kumfanyia nini mtu wa makamo aliyeanza kuishiwa pumzi.

Na kwa sisi wa Tanga mada hii haihitaji utangulizi mrefu. Mji wetu ni tambarare, barabara za namba za Ngamiani zimenyooka, na baiskeli kwetu haijawahi kuwa ya wanaume peke yao. Mgeni akishuka stendi ya Kange kutoka Dar au Arusha, kinachomshangaza mapema ni akina mama. Mama kavaa buibui lake, kwenye keria kuna mtoto wa darasa la pili na begi lake, kikapu cha mbele kina samaki na fungu la mchicha, anakata kona kwa mkono mmoja huku mkono mwingine unarudisha ushungi mahali pake. Sisi hatumtazami mara mbili. Mgeni anatoa simu apige picha.

Sasa niwaulize. Wewe mwenzangu mwenye miaka hamsini, baiskeli yako iko wapi? Ameichukua mpwa wako? Imeegemea ukuta wa uani, tairi zimelala, kuku wanalala kwenye keria? Wengi wetu tuliiacha siku bodaboda zilipofika mlangoni. Safari uliyoipiga miaka yote kwa miguu yako mwenyewe leo unailipia, na mwisho wa mwezi unalipia tena vidonge vya presha. Unalipa mara mbili.

Neno langu la leo ni moja, na nitalirudia ili hata aliyechelewa kuwasha redio alipate: mazoezi yanayodumu kwa mtu mzima ni yale yaliyo ndani ya shughuli zake. Yale ya kupangiwa siku yake, yenye nguo zake na kiatu chake, yanaanza kwa vishindo na kuishia njiani. Mnakumbuka mwishoni mwa mwaka 2016, Mama Samia, wakati huo akiwa Makamu wa Rais, alipozindua kampeni ya kitaifa ya mazoezi, na mikoa ikaambiwa itenge Jumamosi ya pili ya kila mwezi? Lilikuwa jambo jema na nililiunga mkono. Klabu za kukimbia ziliota kila mtaa, fulana zikachapishwa, wakubwa wakatoka barabarani na ving'ora mbele. Lakini kati ya Jumamosi moja na nyingine kuna wiki nne au tano. Katika wiki hizo zote mwili umekaa kwenye kiti, unafanya nini?

Hapo ndipo ninapotaka kuwapeleka mbali kidogo, ingawa mtaona si mbali. Twendeni London, mwishoni mwa miaka ya 1940. Kulikuwa na daktari mmoja anaitwa Jerry Morris. Wakati ule maradhi ya moyo yalikuwa yanaongezeka Uingereza, na hakuna aliyekuwa na jibu la uhakika kwa nini. Morris na wenzake wakaamua kuwatazama watu kwa kazi zao, nani anaugua na nani haugui. Wakafika kwenye mabasi ya mji ule, yale mekundu ya ghorofa. Kila basi lilikuwa na wafanyakazi wawili, dereva na konda. Watu wa tabaka moja, basi moja, moshi uleule wa London. Tofauti yao ni nini? Dereva kutwa amekaa. Konda kutwa anapanda na kushuka ngazi za basi kukata tiketi, vidato 500 hadi 750 kwa siku moja ya kazi.

Matokeo yalichapishwa mwaka 1953 katika jarida la madaktari liitwalo The Lancet. Makonda waliugua moyo kwa uchache kuliko madereva. Na konda aliyeugua, ugonjwa ulimjia katika umri mkubwa zaidi, wala haukuwa mwepesi wa kuua kama kwa dereva. Wakageukia watu wa posta. Kule kuna wanaopeleka barua majumbani, kwa miguu na kwa baiskeli, na kuna wanaokaa mezani au kwenye mitambo ya simu. Hadithi ikawa ileile. Wapeleka barua walikuwa na nafuu.

Nisikilizeni vizuri hapa. Yule konda hakuwa mwanamichezo. Hakuamka saa kumi na moja alfajiri akavaa raba. Hakujiunga na klabu. Alikuwa anakata tiketi. Na mpeleka barua alikuwa anapeleka barua. Mioyo yao ilipata mazoezi na wenyewe hawana habari. Ndiyo maana nasema mazoezi yanayodumu ni yale yaliyo ndani ya shughuli.

Wabishi hawakukosekana. Walisema, pengine madereva walikuwa wanene tangu siku wanaajiriwa, na wembamba ndio waliochagua ukonda. Unajua Morris alifanya nini? Alikwenda kwenye kumbukumbu za sare! Kila mfanyakazi wa mabasi alikuwa amepimwa suruali, na saizi za viuno zimeandikwa. Kweli, viuno vya madereva vilikuwa vipana zaidi. Lakini walipozidi kuchambua, wakakuta kwamba konda mwembamba, konda wa wastani na konda mwenye kitambi, wote walikuwa salama zaidi kuliko dereva wa kiuno kama chake. Mimi habari hii ya suruali naipenda sana, na nitairudia baadaye tukifika kwenye vitambi. Morris mwenyewe alifariki mwaka 2009 akiwa na miaka 99.

Haya, turudi kwetu. Ukikanyaga pedeli, mwilini kunatokea nini? Hapa nitapita haraka, maana sikuja kufundisha udaktari. Misuli mikubwa kuliko yote mwilini iko mapajani na matakoni, na hiyo ndiyo inayosukuma baiskeli. Ikifanya kazi inavuta sukari kutoka kwenye damu, kwa hiyo mwenye kisukari anapata msaada pale pale, hasa akipanda baada ya chakula. Moyo nao unajifunza kusukuma damu nyingi kwa pigo moja. Presha inashuka kiasi. Kiasi, nimesema! Usije ukatupa vidonge ukasema redio imeniruhusu. Dawa utaendelea nazo mpaka daktari wako mwenyewe aseme vinginevyo. Na wewe unayechoma insulini au unayemeza vidonge vya kushusha sukari, weka pipi au kitu kitamu mfukoni, sukari isije ikakushukia katikati ya barabara ya Pangani.

Kuna jambo jingine ambalo watu wa rika letu hawaambiwi. Kuanzia miaka ya thelathini, pumzi ya mtu asiyejishughulisha inapungua kidogo kidogo, karibu asilimia 10 kila miaka kumi. Ni taratibu mno, hushtuki. Unashtuka siku umelikimbilia basi. Kuzeeka hakuzuiliki, lakini anayejishughulisha hupoteza polepole kuliko aliyekaa, na aliyekaa akianza leo anarudisha sehemu ya alichopoteza. Hata akiwa na miaka sitini.

Na magoti? Hili huulizwa kila mara. "Magoti yangu hayataki mazoezi." Ndugu yangu, magoti yako hayataki kukimbia kwenye lami ukiwa na kilo tisini. Kwenye baiskeli, kilo hizo zimebebwa na siti. Goti linazunguka tu, halipigi chini. Watu wengi waliokatazwa kukimbia huambiwa na madaktari haohao wapande baiskeli. Ila siti iwe imefungwa sawasawa, na hilo nalifikia.

Sasa kitambi. Nitasema ukweli na baadhi yenu mtanichukia. Baiskeli peke yake haiondoi kitambi upesi. Nusu saa ya mwendo wa kawaida haimalizi chapati moja ya mafuta na kikombe cha chai ya maziwa yenye vijiko vitatu vya sukari. Ukishuka kwenye baiskeli ukasema leo nimefanya kazi, niongezee ya pili, umerudi ulikotoka na zaidi. Watu wengi wanaacha hapa. Mwezi umepita, mkanda uko tundu lilelile, basi wanasema baiskeli haina faida. Rudini kwenye zile suruali za London! Konda mwenye kitambi bado alikuwa salama kuliko dereva wa kitambi kama chake. Faida inatangulia moyoni na kwenye mishipa, usikoweza kuiona kwenye kioo. Kiuno kitafuata ukipunguza wali na soda, na kisipofuata, faida ile nyingine bado ni yako.

Kiasi gani kinatosha? Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 za shughuli ya wastani kwa wiki. Mtu akisikia 150 anaogopa. Tuzigawe. Siku tano, nusu saa kila siku. Nusu saa ni robo saa kwenda na robo saa kurudi. Ukitoka Mabawa kwenda mjini kwa mwendo wa taratibu, robo saa hiyo umeimaliza njiani. Na kuna habari njema zaidi. Zamani walisema zoezi la chini ya dakika kumi mfululizo halihesabiki. Katika mwongozo wa mwaka 2020 sharti hilo halipo tena. Kwa hiyo dakika tano za kwenda kununua mkate zimo. Dakika nne za kumpelekea jirani sahani yake zimo. Kila kipande kinahesabiwa.

Na wastani ni kasi gani? Kipimo chake hakihitaji mashine. Ukiwa juu ya baiskeli unaweza kuzungumza na mwenzako lakini huwezi kuimba, mwendo ndio huo. Ukiweza kuimba, ongeza kidogo. Usipoweza hata kuzungumza, punguza. Mji uliotoa vikundi vya Black Star na Lucky Star haukosi watu wa kujipima kwa taarabu.

Nakuja kwenye kikwazo kikubwa, na kwa maoni yangu ndicho kinachoua baiskeli kuliko lami mbovu. Nacho ni aibu. Hapa kwetu kuna nafuu, lakini hata hapa nimesikia. Mwalimu mkuu, mhasibu, mfanyabiashara mwenye duka lake, siku akionekana juu ya baiskeli maswali yanaanza. "Gari limeuzwa?" "Mzee mambo yamekwenda mrama?" Kijana akipanda ni mazoezi, mtu mzima akipanda ni kufilisika. Nani alituambia hivyo?

Nchi ya Uholanzi ina pesa kutuzidi mara nyingi, na Mark Rutte, aliyekuwa Waziri Mkuu wao kwa miaka zaidi ya kumi, alikuwa akionekana akienda ofisini kwa baiskeli. Jirani zetu Rwanda, pale Kigali, huwa na siku ambazo barabara kadhaa hufungwa kwa magari asubuhi, watu wakatembea, wakakimbia, wakaendesha baiskeli, na wakubwa wa serikali wamo. Mwaka 2025, mwezi wa Septemba, mji huohuo ukapokea mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani, mara ya kwanza kufanyika Afrika. Watu walijipanga kwenye vilima vile kushangilia. Wenye umri wangu mnakumbuka pia utotoni mwetu, enzi za uhaba wa mafuta, magari binafsi yalipozuiwa kutembea Jumapili kuanzia saa nane mchana. Jioni ile barabara ilikuwa yetu, tulikuwa tunaendesha baiskeli za Swala na Phoenix za baba zetu tukipitisha mguu chini ya bomba la juu kwa sababu siti hatuifikii. Hakuna aliyemcheka mtu. Mimi dawa ya aibu naijua moja tu, nayo ni kupita mahali palepale kila siku. Siku za mwanzo wanauliza. Baadaye wanakusalimia. Baadaye wanakutuma.

Haya, umeamua. Unaanzia wapi? Anzia kwa fundi. Na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu watu wengi wanaodai baiskeli ni nzito hawana baiskeli nzito, wana baiskeli mbovu.

Karibuni hivi nilikuwa nimekaa kwenye benchi la fundi mmoja pale Ngamiani, chini ya mwarobaini, nasubiri zamu yangu. Akaja mzee wa makamo, jasho linamtiririka, analalamika magoti. Fundi hakushika spana. Alimwambia, "Mzee wangu, hebu panda nikuone." Mzee akapanda, fundi kashika usukani. Akamtazama miguu, akacheka kwa adabu. "Shikamoo mzee wangu, lakini hapa umekaa au umechuchumaa?" Kweli, siti ilikuwa chini mno, magoti yanapanda karibu na kifua. Mzee akajitetea, "Mwanangu, nataka nikisimama nikanyage chini." Fundi akamwambia kitu ambacho ningependa kila mtu akiandike. Weka kisigino kwenye pedeli, pedeli ikiwa chini kabisa. Mguu unyooke. Kisha ukiendesha, kanyaga kwa sehemu ya mbele ya unyayo, si kisigino wala katikati. Goti litabaki limekunjika kidogo tu, na hapo ndipo panapotakiwa. Ukisimama utagusa chini kwa ncha za vidole, na hizo zinatosha.

Akalegeza nati, akapandisha siti mpaka mzee akaanza kuogopa. Kisha akabonyeza tairi kwa kidole gumba, kikazama. "Na hii unaiendesha hivi hivi?" Akachukua pampu, akajaza upepo mbele na nyuma mpaka kidole kikagoma. Akapangusa cheni kwa kitambaa, mchanga mweusi ukatoka kama uji wa ulezi, akadondosha oili safi, tone tone. Si oili chafu ya gari, ile inakamata mchanga tena kabla hujafika nyumbani. Mzee akazunguka mtaa mmoja, akarudi anauliza kama amebadilishiwa baiskeli. Bei ya kazi yote ile ilikuwa haifiki nauli za bodaboda za siku moja.

Kwa hiyo mambo ni siti, upepo, cheni. Narudia: siti, upepo, cheni. Na breki, bila shaka, maana kuanza bila kusimama si mazoezi. Kama huna baiskeli, za mtumba zipo, zile za Kijapani zenye kikapu mbele na fremu iliyoshuka chini, ambazo mwanamke au mtu mwenye kiuno kigumu anapanda bila kuvurugika nguo. Tafuta yenye kifuniko cha cheni. Buibui, kanzu na kanga, cheni inazipenda zote.

Anza kidogo. Wiki ya kwanza iwe dukani tu. Chagua safari moja uliyokuwa unaifanya kwa bodaboda, moja tu, ihamishie kwenye baiskeli, na uiache huko. Ukishaizoea, ongeza ya pili. Makalio yatauma siku za mwanzo, hilo ni la kawaida na linapita. Lisilo la kawaida ni kifua kubana, maumivu yanayopanda shingoni au mkono wa kushoto, kizunguzungu, au kuishiwa pumzi kusikolingana na kazi unayofanya. Hapo shuka, na usiende nyumbani, nenda hospitali. Na kama una presha, kisukari, au umewahi kuugua moyo, kapime kwanza na uzungumze na daktari kabla hujaanza. Tanga hatuna vilima vya kututisha, lakini upepo wa baharini tunao, na ukikujia usoni alasiri utaona kama unapanda mlima. Usishindane nao. Teremsha mwendo.

Kuna kitu kimoja ambacho baiskeli haikupi, na wanaoisifu hawakisemi. Mifupa. Mfupa unakuwa imara ukibebeshwa uzito, na juu ya baiskeli uzito wako umebebwa na siti, jambo lile lile linaloyapumzisha magoti. Kwa akina mama waliokwisha kukoma hedhi hili ni muhimu zaidi, maana mifupa yao inapungua kwa kasi miaka hiyo. Basi usiache kutembea. Beba ndoo yako mwenyewe kama mgongo unaruhusu. Inuka kitini na ukae bila kushika meza, rudia mpaka mapaja yapate moto, fanya hivyo mara mbili tatu kwa wiki. Baiskeli ichukue nafasi ya bodaboda, isichukue nafasi ya miguu.

Barabarani tuambizane ukweli pia. Malori ya saruji kutoka Pongwe hayana subira, bajaji hazitoi ishara, na dereva wa gari lililoegeshwa anafungua mlango bila kutazama. Mtu wa makamo akianguka hainuki upesi kama mtoto. Kaa kushoto, lakini usijibane kwenye ukingo mpaka huna pa kukwepea shimo. Pita mbali na milango ya magari yaliyosimama. Usiku weka taa, na usivae nyeusi. Helmeti ukiipata, ivae. Na mimi, kama kuna njia ya ndani ya mitaa inayozunguka kidogo lakini haina malori, naichukua hiyo. Imezidi dakika tano? Si ndizo tunazozitafuta? Kwa wakubwa wa halmashauri wanaonisikiliza: mnapotengeneza barabara mpya, tuachieni kipande cha lami pembeni, na mkishatuachia msiruhusu kigeuke kuwa kituo cha bodaboda.

Jasho, watu watauliza. Nitafikaje kazini nimelowa? Toka mapema kabla jua halijapanda, nenda polepole, beba shati jingine kwenye begi na kitambaa cha kujifutia. Kwa mwendo wa taratibu upepo unakupoza njiani, jasho linakuja ukishasimama. Kaa kivulini dakika chache kabla hujavaa shati la kazi. Wakati wa kaskazi utatoka jasho hata ukiwa umelala, kwa hiyo tusiisingizie baiskeli.

Namalizia na swali nililoletewa na mama mmoja wa Makorora. Ana miaka hamsini na mbili, amekulia Lushoto, huko milimani, hakuwahi kujifunza baiskeli, na wajukuu wanamcheka. Anauliza, je, ameshachelewa?

Mama yangu, hujachelewa. Lakini usikubali yule kijana anayesema "panda nitakushika siti nyuma," kisha anakimbia na kukuachia. Fanya hivi. Mwambie fundi atoe pedeli zote mbili, na akushushie siti mpaka nyayo zako zote ziguse chini. Nenda kwenye uwanja mpana asubuhi, kabla watu hawajajaa. Kaa kitini, sukuma kwa miguu kama mtu anayetembea, tazama mbele, usitazame tairi. Usiharakishe. Siku moja utasukuma, utainua miguu, na baiskeli itakwenda yenyewe hatua kadhaa bila kuyumba. Siku nyingine itakwenda zaidi. Ukiweza kuteleza namna hiyo kutoka mwembe huu mpaka mwembe ule na kufunga breki bila kuogopa, basi umekwisha kujua baiskeli, kilichobaki ni pedeli. Mwambie fundi azirudishe na apandishe siti kidogo. Na kama utazifunga mwenyewe, kumbuka ya kushoto inafungwa kinyume na ya kulia, usije ukailazimisha ukaharibu mkono wa pedeli.

Wale wajukuu wape kazi ya kushika pochi na viatu. Juma lijalo, saa na siku kama hii, nitazungumza juu ya usingizi wa watu wazima, maana hilo nalo limeletewa maswali mengi. Tuonane, na taarifa ya habari inafuata.